Kuumwa Ukiwa Tibet: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya msafiri anayejiandaa kwenda Lhasa, Shigatse, Gyantse au monasteri za Amdo (eneo la Watibeti upande wa kaskazini-mashariki), na zaidi ni ya yule ambaye tayari yuko huko, kajilaza hotelini mapazia yamefungwa, kichwa kinagonga kama kinu. Mimi niliwahi kuwa huyo. Nilikuwa mwanafunzi Chengdu, nikaenda Lhasa kwa likizo, siku ya kwanza nikapanda ngazi kama niko nyumbani. Siku ya pili kufunga kamba za viatu ilikuwa kazi ya kupumzikia katikati. Mimi si daktari. Nimeandika ninayoyajua na niliyoulizwa na wengi baada ya pale.

Nilikuwa mzima kabisa. Mbona nimeumwa siku ya kwanza tu?

Kwa sababu Lhasa iko mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hiyo ni karibu sawa na Horombo, ambako mita ni 3,720. Tofauti ni namna ya kufika. Horombo unafika kwa miguu siku ya pili, baada ya kulala Mandara, huku mwongozaji anakuimbia pole pole toka getini. Lhasa unapanda ndege Chengdu, mji ulioko mita 500 hivi, na baada ya saa mbili na kitu mlango unafunguliwa uko juu. Mwili haujaarifiwa chochote.

Oksijeni unayoipata kwa kila pumzi pale ni kama theluthi mbili ya ile unayoipata Mombasa au Dar. Mwili unajibu kwa kuhema haraka, moyo kudunda, na kukojoa mara kwa mara. Kwa wengi, saa 6 hadi 12 baada ya kufika, kichwa kinaanza kuuma, hamu ya chakula inapotea, usingizi unakatika. Huo ndio ugonjwa wa mwinuko. Ujana haukukingi, wala mazoezi hayakukingi. Nimeona mkimbiaji akitapika huku bibi wa miaka 70 anakunywa chai pembeni.

Nitajuaje kama ni mwinuko, au ni mafua tu, au ni chakula?

Mara nyingi hutajua, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mafua yanaleta kichwa kuuma. Chakula kibaya kinaleta kichefuchefu. Safari ndefu inaleta uchovu. Mwinuko unaleta vyote vitatu kwa pamoja. Kanuni wanayoifuata madaktari wa milimani ni hii: ukiwa juu, ugonjwa wowote uchukulie kuwa ni wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Yaani usipande zaidi kwanza, halafu ndipo utafute sababu.

Dalili chache zinasaidia. Homa kali si kawaida ya mwinuko wa kawaida. Kuhara pia si kawaida yake. Kichwa kinachotulia baada ya lita moja ya maji na paracetamol, mapumziko ya nusu siku, kinaweza kuwa ni kiu na jua tu, maana hewa ya kule ni kavu na jua lake halina huruma.

Kuhusu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni: hoteli nyingi za Lhasa wanacho, na waongozaji wengi wanatembea nacho. Usishtuke ukiona 88 mahali ulipozoea kuona 98, hiyo ni kawaida ya siku za mwanzo. Ila kuna jambo ambalo ni la kwetu hasa. Vipimo hivi vimeonekana kusoma juu kidogo kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo namba ikiwa nzuri na wewe unajisikia vibaya, amini mwili wako, si namba. Na kama umepaka rangi ya kucha au piko, tumia kidole kisicho na kitu.

Ni dalili zipi ambazo si za kusubiri asubuhi?

Ziko za aina mbili, na zote zinaua.

Ya kwanza ni maji kujaa kwenye mapafu. Huja sana usiku wa pili mpaka siku ya nne. Mtu anahema akiwa ameketi tu, hana anachofanya. Kikohozi kikavu kinageuka cha majimaji, mwisho makohozi yana povu la rangi ya waridi. Akilala chali anabanwa. Midomo inapoteza rangi yake (kwa mtu mweusi angalia ndani ya mdomo na kucha).

Ya pili ni ubongo kuvimba. Hapa mtu anaanza kutembea kama mlevi, anajibu maswali kombo, anakasirika bila sababu, au anataka tu kulala na haamshiki vizuri. Mwambie atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole, hatua kumi. Akiyumba, msijadiliane. Namba ya gari la wagonjwa China nzima ni 120. Oksijeni apewe hapohapo, na kushuka kuanze.

Usimwache peke yake chumbani "apumzike". Aliyevimba ubongo ndiye wa mwisho kujua kwamba anaumwa.

Nimelipia safari, na sitaki kuwaharibia wenzangu. Si nijikaze tu?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya.

Sisi tumelelewa kujikaza. Mtoto akianguka, jikaze. Msiba, jikaze. Hata pale Kilimanjaro wapagazi wanajiita wagumu, na jina hilo wamelipata kwa haki. Lakini waulize hao wagumu wenyewe, wanajua vizuri kwamba mgeni anayewatia hofu ni yule anayesema "niko poa" huku macho yamelegea. Anayelalamika tangu asubuhi ameshasaidiwa kufikia mchana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijaona mahali methali hii inapotimia haraka kuliko mita 4,000.

Kwenye safari za Tibet kujikaza kuna ubaya wa ziada. Mgeni wa nje haruhusiwi kuzurura peke yake katika Mkoa Unaojiendesha wa Tibet. Unaingia kwa kibali kilichoombwa na kampuni ya utalii, una mwongozaji, na ratiba inajulikana siku kwa siku. Kwa hiyo wengi wanadhani ratiba ni amri: kesho ni Gyantse, basi ni Gyantse hata kama kichwa kinapasuka. Si hivyo. Ratiba inaweza kupunguzwa. Unaweza kubaki hotelini Lhasa siku mbili. Unaweza kukatisha safari na kuondoka kwa ndege. Usichoweza ni kujiamulia kimyakimya kwenda mahali ambapo hapako kwenye kibali, na ndiyo maana mwongozaji lazima ajue mapema. Ukimwambia saa mbili usiku, ana muda wa kupiga simu, kupanga gari, kumwachia mwenzake kundi. Ukimwambia saa nane usiku, mko wote taabani.

Mimi nilinyamaza siku nzima. Tukiwa njiani kwenda Shigatse ndipo nikatapikia mfuko wa chapati. Mwongozaji wetu, Mtibeti wa makamo asiyependa maneno mengi, alisimamisha gari akanitazama, akasema kwa Kichina: "Jana ulikuwa unaongea sana. Leo asubuhi ulinyamaza. Nilijua." Kisha akauliza kwa nini sikusema. Sikuwa na jibu la maana.

Kila mtu anasema "shuka". Nishuke niende wapi, ikiwa nchi nzima iko juu?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Kilimanjaro ukigeuka nyuma, unashuka. Uwanda wa Tibet si mlima wa namna hiyo, ni dari. Ukiwa Shigatse (karibu mita 3,840) huna bonde la karibu la kukimbilia. Ukiwa Rongbuk, monasteri iliyojengwa mwaka 1902 chini ya Everest kwenye mita 5,000 hivi, kushuka kwako kunaanza kwa kupanda, maana barabara ya kurudi inavuka vilele vya zaidi ya mita 5,000 kabla ya kukufikisha Shigatse. Mgonjwa wa mapafu anavushwa humo akiwa na oksijeni, hakuna njia nyingine nyepesi.

Kutoka Lhasa uko na nafuu mbili. Moja ni ndege ya kwenda Chengdu, na ndani ya saa chache uko chini kabisa. Nyingine, kwa asiyeumwa sana, ni Nyingchi upande wa mashariki, kwenye mita kama 2,900 na misitu ya misonobari. Tangu mwaka 2021 kuna reli ya kilomita 435 kati ya Lhasa na Nyingchi. Kushuka mita mia saba tu kunaweza kumfanya mtu ale tena. Kwa sababu hiyo mimi napendekeza ratiba ianzie Nyingchi, na Lhasa ifuate.

Treni si bora kuliko ndege? Inapanda taratibu.

Inapanda taratibu, ndiyo, lakini haipandi kidogo. Reli ya Qinghai na Tibet, iliyofika Lhasa mwaka 2006, inavuka kilele cha Tanggula kwenye mita 5,072, yaani juu kuliko Lhasa yenyewe kwa karibu mita 1,400, na sehemu kubwa ya njia kati ya mji wa Golmud na Lhasa iko juu ya mita 4,000. Mabehewa yanaongezewa oksijeni na kuna matundu ya kuchomeka mrija, lakini saa ishirini na kitu hazitoshi mwili kuzoea. Faida ya treni iko kwenye kituo unachopandia. Ukilala Xining, mji mkuu wa mkoa wa Qinghai, siku mbili au tatu, mita 2,260 hivi, hapo umefanya jambo la maana. Ukishuka kwenye ndege Xining na kupanda treni jioni ileile, umenunua mandhari tu.

Diamox nitumie? Na hizi chupa za oksijeni na dawa za mitishamba wanazouza?

Diamox, yaani asetazolamaidi, ndiyo dawa yenye ushahidi mzuri wa kuzuia. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, utakojoa zaidi, na soda itapoteza ule mwasho wake, vyote si vya kutisha. Muhimu: ni dawa ya jamii ya salfa. Kama Septrin au Fansidar iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Ijaribu nyumbani siku mbili, usiijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa angani.

Paracetamol au ibuprofen kwa kichwa ni sawa. Dawa za usingizi na pombe ziache, zinapunguza pumzi usiku, wakati ambapo pumzi tayari ni haba. Chang, ile bia ya shayiri, itakungoja.

Chupa ndogo za oksijeni za dukani zinaisha kwa dakika chache. Zinatuliza, hazitibu. Ukijikuta unahitaji ya tatu, huo ni ujumbe. Hongjingtian, mmea unaouzwa kila kona kwa maji na vidonge, wenyeji wengi wa China wanauamini. Ushahidi wake ni dhaifu. Ukitaka unywe, lakini usiuweke mahali pa siku za kupumzika.

Nina selimundu. Naweza kwenda?

Mwenye ugonjwa wenyewe: usiende. Oksijeni ikipungua, seli zinajikunja na maumivu makali yanaanza, na huko uko mbali na watu waliouzoea ugonjwa huu. Samahani kwa jibu fupi hivyo.

Mwenye kubeba vinasaba tu, yaani mzazi mmoja alimpa na mwingine hakumpa, kwa kawaida anaishi bila shida. Lakini wapo waliopatwa na maumivu makali ya bandama wakiwa juu milimani, kwa sababu damu imeshindwa kupita. Ukanda wetu una wabebaji wengi sana na walio wengi hawajijui. Pima kabla ya safari, ni kipimo rahisi. Na ukipata maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu ukiwa Lhasa, taja selimundu kwa daktari kwa sababu yeye hataiwaza.

Nina homa. Niwe na wasiwasi wa nini?

Kama ulitoka Afrika Mashariki ndani ya wiki chache zilizopita, wasiwasi wa kwanza ni malaria. Hukuipata Tibet, mbu wake hawaishi kule. Umeibeba kutoka nyumbani, imekaa kimya siku kumi, wiki mbili, imelipuka uko Barkhor, njia ya mahujaji katikati ya Lhasa. Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 2021. Ni habari njema, ila maana yake kwako ni kwamba daktari kijana anayekupokea huenda hajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Atakuona una homa, kichwa kinauma, unatapika, uko mwinuko, atasema ni mwinuko.

Sema mwenyewe. Kwa Kichina ni "nueji", omba mwongozaji akuandikie kwa herufi zao kwenye simu uonyeshe, pamoja na jina la nchi uliyotoka na tarehe uliyoondoka. Wasafiri wenye busara wanabeba kipimo cha haraka na dozi moja ya dawa mseto kutoka nyumbani, pamoja na maelezo ya daktari.

Naweza kuingia monasteri nikiwa naumwa? Zipi ni rahisi kwa mgonjwa?

Unaweza, na watakupokea vizuri. Ukiwa unakohoa, vaa barakoa. Ukizidiwa, keti nje uani, usiketi kwenye magodoro ya watawa ndani ya ukumbi wala usinyooshee miguu madhabahu. Kofia unavua, kizingiti unakiruka bila kukikanyaga, na mzunguko unakwenda upande wa saa, jengo likiwa kulia kwako.

Adui wa mgonjwa ndani ya monasteri ni ngazi na moshi. Potala ina vyote viwili. Ikulu hiyo, iliyoanza kujengwa mwaka 1645 enzi za Dalai Lama wa tano, ina ghorofa 13 na ngazi zake zinapandwa kwa nje, kwenye jua, na tiketi yako ina saa yake. Usiifanye siku ya kwanza wala ya pili. Afadhali uitazame kutoka uwanja ulio mbele yake, umeketi, na ukipona urudi.

Hekalu la Jokhang liko katikati ya mji, tambarare, lakini ndani ni giza, msongamano na harufu nzito ya mafuta ya siagi. Nje kuna matanuri makubwa meupe ya kufukiza mreteni. Moshi wake unanukia udi, na kwa mtu wa pwani unaleta nyumbani, ila kifua kibovu kitakohoa mpaka machozi. Pita upande ambao upepo unatokea. Mzunguko wa Barkhor kuizunguka Jokhang hauzidi kilomita moja, na hapo ndipo nilipopapenda kuliko pote: unaketi kwenye benchi, na Tibet nzima inapita mbele yako. Vikongwe wenye magurudumu ya sala, wafugaji waliofika kutoka mbali wenye ngozi ya kondoo begani, wanaosujudu kwa mwili mzima wakiwa na mbao viganjani. Mgonjwa anayeketi pale saa mbili ameona zaidi ya mzima anayekimbizwa monasteri tatu.

Monasteri ya Sera (iliyoanzishwa 1419) ni nzuri kwa sababu mahujaji na watalii wanaketi kuangalia watawa wakijadiliana uani alasiri, mmoja amekaa, mwingine amesimama anampiga maswali na kupiga kofi kila hoja inapofika. Huhitaji Kitibeti kujua nani ameshikwa. Drepung (1416) imepanda kilimani, ngazi baada ya ngazi. Ganden (1409) iko karibu mita 4,300, mwache mgonjwa Lhasa. Tashilhunpo ya Shigatse (1447) ni pana lakini mwinuko wake ni wa taratibu, na sanamu yake ya Maitreya, Buddha anayesubiriwa, mita 26, unaiona ukiwa umesimama mahali pamoja. Kumbum ya Gyantse, ile stupa (mnara wa ibada wa Kibuddha) ya mwaka 1427, ni ya kupanda kwa ngazi nyembamba chumba baada ya chumba. Nilipanda hadi ghorofa ya pili nikashuka. Sijutii.

Mtawa akinimiminia maji kiganjani, ninywe?

Ni maji ya baraka, mara nyingi yana zafarani. Wenyeji wananywa tone na yanayobaki wanajipaka kichwani. Kama tumbo limevurugika, au imani yako haikuruhusu, jipake tu kichwani au yapokee kwa heshima. Hakuna atakayekuangalia vibaya.

Daktari wa Kitibeti anaweza kunisaidia?

Tiba yao, Sowa Rigpa, ni elimu ya karne nyingi yenye vitabu, vyuo na mitihani, na kuiweka kapu moja na mganga wa mtaani ni kutoielewa. Lhasa kuna Mentsikhang, taasisi ya tiba na unajimu iliyoanzishwa mwaka 1916. Monasteri ya Labrang ina chuo chake cha tiba tangu karne ya 18. Amchi, ndivyo wanavyomwita daktari, atakushika mikono yote miwili kwa vidole vitatu na kusikiliza mapigo kwa muda ambao hujawahi kupewa hospitali yoyote. Ataangalia ulimi, pengine mkojo. Kisha atakwambia kati ya upepo, nyongo na makohozi, kipi kimevuka mpaka. Msomaji anayefahamu tiba ya Kiyunani ya wazee wetu wa pwani hatakuwa mgeni na lugha hiyo.

Nenda kwake kwa tumbo lisilotulia, kwa usingizi, kwa viungo. Usiende kwake ukiwa unahema umekaa. Na uwe mwangalifu na vidonge vya thamani vilivyofungwa kwa hariri, baadhi vinatengenezwa kwa zebaki iliyosafishwa kwa njia yao. Mjamzito na mwenye figo dhaifu wasiviguse.

Nile nini wakati sina hamu?

Kula kidogo, cha moto, mara nyingi. Thukpa, supu ya tambi, inateremka hata koo likikataa. Tsampa ni unga wa shayiri uliokaangwa, ukiukoroga na chai mwepesi unakuwa uji, na uji kila Mswahili anaujua kazi yake. Chai ya siagi ina chumvi, na anayeisubiri iwe chai anaumia roho. Iite supu, utaelewana nayo. Lakini nenda kwenye vilabu vya chai vya Lhasa uagize cha ngarmo: chai ya maziwa, tamu, moto, kwenye glasi ndogo, watu wamebanana kwenye mabenchi wanabishana. Nusura nilie. Ilikuwa chai ya kwetu kabisa, ikakosa iliki tu.

Waislamu: Lhasa kuna misikiti, na migahawa ya tambi ya Wahui (Waislamu wa China) yenye alama ya halali iko mitaa mingi. Mchuzi wa nyama wa pale ndio ulioniamsha.

Maji ya kule yanachemka yakiwa kama nyuzi 88, si 100. Ndiyo maana wali bila sufuria ya presha unabaki na kiini. Kwa kunywa yaache yachemke dakika tatu, yanatosha. Kwa kuhara, ORS, na usingoje mpaka ulegee.

Mjamzito, mtoto, presha, pumu?

Mjamzito aahirishe. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, atalia na kukataa kula tu, kwa hiyo usimlaze mahali palipo juu kuliko Lhasa. Presha inayodhibitiwa kwa dawa si kizuizi, ila itapanda siku za mwanzo, beba mashine. Pumu inategemea: hewa ya kule haina vumbi la nyumbani wengi wanalolijua, lakini baridi na ule moshi wa mreteni havitabiriki. Pampu ikae mfukoni, si kwenye begi lililoko garini.

Kuna miji ya Kitibeti isiyo juu kiasi hicho?

Ipo, na nashangaa watu hawaiulizii. Utibeti haujaishia kwenye mkoa wenye jina hilo. Amdo na sehemu kubwa ya Kham, eneo la Watibeti la mashariki, ziko ndani ya Qinghai, Gansu, Sichuan na Yunnan, ambako kile kibali maalumu cha Tibet hakihitajiki. Monasteri ya Kumbum karibu na Xining (si ile stupa ya Gyantse) ni mita 2,700 hivi. Rebgong, mji wa wachoraji wa thangka, zile picha za kidini za kwenye kitambaa, uko 2,500. Labrang, mji wa Xiahe, uko 2,900, na njia yake ya mahujaji ni kilomita 3 hivi za magurudumu ya sala, sehemu kubwa tambarare, unashika moja baada ya jingine kama unayepapasa ukuta. Kwa mtu mwenye afya ya mashaka, Labrang ndiyo ningemshauri.

Usidhani kila kilichoko Sichuan kiko chini, hata hivyo. Litang iko karibu 4,000, na uwanja wa ndege wa Daocheng Yading, mita 4,411, ndio wa juu kuliko vyote vya abiria duniani.

Hospitali inakuwaje?

Lhasa kuna hospitali kubwa, na mwinuko wanaujua kama sisi tunavyoijua malaria. Miji midogo ina kituo, oksijeni na dripu. Unaanza dirisha la kujiandikisha, "guahao", na pasipoti mkononi. Malipo ni kabla ya huduma, hatua kwa hatua, na kadi ya benki ya nyumbani inaweza kukataa, kwa hiyo uwe na fedha taslimu au malipo ya simu yanayofanya kazi. Risiti rasmi, "fapiao", zitunze zote. Bima isome kabla ya kusafiri: nyingi zinaweka kikomo cha mita, na ambayo haigharimii kukusafirisha hadi chini haikufai.

Maneno gani ya kuyashika?

Kwa Kichina: "gaofan", kuumwa na mwinuko, "yangqi", oksijeni, "yiyuan", hospitali. Kwa Kitibeti: "nga go nagidu", kichwa kinaniuma, "men", dawa, "amchi", daktari.

Na moja la ziada. Mtibeti anapoagana na anayeondoka husema "kale phe", nenda taratibu. Anayebaki huambiwa "kale shu", kaa taratibu. Mwongozaji wangu aliponiambia maana yake nilicheka, nikamwambia kwetu pia mlimani ni hivyohivyo. Akataka kujua tunasemaje. Kwa siku zilizobaki akawa ananiita Pole Pole.

Nimepata nafuu. Lini niendelee na safari?

Si siku hiyohiyo unayopata nafuu. Kutoka Lhasa kwenda ziwa la Yamdrok unavuka njia ya mlimani ya Kamba La, karibu mita 4,790, na ukienda ziwa la Namtso unafika 4,718, sawasawa na kibanda cha Kibo. Ukiwa juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasiongezeke zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne usipande kabisa. Kwa aliyeugua, iwe pungufu ya hapo. Lala Lhasa usiku mmoja mzima bila kichwa kuuma na bila kidonge cha kukinyamazisha, asubuhi kula chakula chako chote, panda ngazi za hoteli ghorofa mbili ukiongea. Ukimaliza sentensi, mwambie mwongozaji awashe gari. Ukikatwa pumzi katikati, agiza cha ngarmo nyingine.